Mzinga Wako Uko Maktaba

Baba Kalunde,

Pole na nyuki. Mimi Tabora nimefika salama, jua ni kali tu.

Ulisema binti yetu ataona haya kuwaonyesha wenzake mzinga wako wa gome. Basi upo maktaba ya chuo, umening'inizwa kwenye maonyesho, kila anayefuata kitabu anapita chini yake. Mimi nilijibanza nyuma na kandambili zangu, naogopa kumwaibisha. Akaniona. Akaacha wageni, akaja akapiga magoti pale pale kwenye vigae: "Shikamoo mama." Mwenzake akamtania, "Kalunde, huku si Usinge!" Akamjibu, "Ndiko nilikotoka. Huyu ndiye mama, na mzinga huu kautengeneza baba yangu." Basi wote wakaanza kuniamkia, nami naitikia marahaba kwa kunong'ona, maana mle ndani hawataki kelele. Hata nje kwa mama lishe niliagiza wali kwa kunong'ona, akanicheka.

Sasa wanauliza mwenye mzinga atakuja lini. Fua lile shati jeupe. Na usipande mti peke yako, mume wangu, nakuomba. Nataka wakuone ukiwa mzima.

Mama Kalunde wako