Kicheko cha Mama Gombani

Dada Asya uliye Maskati, asalaam aleikum.

Pemba nzima hakuna mpiga picha wa kunishinda. Ukirudi, wewe ndiye utakayenipa shikamoo. Hata mwalimu wetu chuoni huniuliza mimi mwanga uko wapi. Picha za mitaani nimezimaliza, sasa niko kwenye matangazo. Ile picha ya sabuni ilitundikwa barabarani Gombani, kubwa kuliko ukuta wa jikoni kwetu: Mama anafua, anacheka. Mwenye duka la sabuni aliipenda, nikampa.

Mama alipoiona alisema tu, "Mwanangu, umenivua hadharani." Tangu hapo hatoki, hata msibani kwa Bi Mgeni hakwenda. Bango nimelishusha, bado hatoki.

Kanga ilimteleza, Dada, nywele zikawa nje. Niliona kabla sijabonyeza.

Mdogo wako, Suhail