Kisima cha Chumvi Ndara

Jumatatu, 8 Septemba

Bomba la Voi kavu tena. Nimeoga kwa kikombe, miguu ikapata mabaki. Mimi huyu, niliyenywesha mji mzima jangwani kule Uarabuni. Bahari inaingia huku, inachemshwa, mvuke unanaswa, huku inatoka tamu, inasukumwa mpaka ghorofa ya sitini. Maji waliyokwisha kuogea yanasafishwa, yanapewa miti. Valvu nilishika mimi. Moja, lakini kubwa.

Dada yangu Wakesho amepiga simu kutoka Ndara. Kisima chao kipya kimetoa maji ya chumvi. Nije niyageuze, si nilisema Krismasi ni kazi ya asubuhi moja?

Nilisema.

Jumatano, 10 Septemba

Niko Ndara. Wameniwekea kiti kando ya kisima, wao wamesimama. Nimeonja. Ulimi umekakamaa. Ng'ombe wananusa, wanageuka. Mbaya zaidi, mwenye lori la maji wamemwambia asije. Injinia, yaani mimi, amefika.



Ijumaa, 12 Septemba

Nimechimba shimo. Karai la maji ya chumvi ndani, kikombe katikati, nailoni juu, kijiwe juu ya nailoni. Jua lipike, mvuke udondokee kikombeni. Kule ni hivyohivyo, ila mtambo wao ni kama Voi yote na moto hauzimwi.

Jioni nusu kikombe. Tamu kabisa. Nikavimba kichwa. Mama mmoja akasema, "Injinia, hayo ni ya kumezea dawa." Wakacheka, nikacheka nao.

Mitungi imekauka. Mghoi, binti wa Wakesho, amempa mtoto wake maji ya kisima. Mtoto anaharisha. Naogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Wakesho hakunigombeza. Alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Kaka, nimwite mwenye lori ama nisimwite?"

Maneno nilikuwa nayo, mimi sikosi maneno. Nikaangalia midomo ya yule mtoto.

"Mwite."

Aibu. Sijakula.

Jumapili, 14 Septemba

Lori lilifika jana jioni. Nilishika mpira wa maji mpaka mtungi wa mwisho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kiti kimerudishwa ndani.

Mtoto amelala vizuri, tumbo limetulia.

Jana, kabla ya lori, Mghoi alichukua ile nusu kikombe yangu akamnywesha kwa kijiko. Alimaliza yote. Niliona nikiwa nje, dirishani.

Hiyo sijamwambia mtu.