Jina Alilolitaja Mzee Kule Bomani

Arafa, ukimaliza kusoma vikaratasi hivi, vichome.

Mwamvua yuko jikoni kwangu. Asubuhi kampeleka baba yake bomani kwa DC kuchukua pensheni yake ya uaskari wa Keya, lile jeshi la Waingereza. Unamjua mzee alivyo siku hizi, hata wanawe huwasahau.

Karani akamwamkia vizuri tu. "Shikamoo mzee. Athumani Mbaruku ndiye wewe?" Ndilo jina lililo kwenye cheti chake cha jeshi.

Mzee akasema, "Athumani ni kaka yangu. Alikufa kabla hajaripoti kambini. Mimi ni Omari, nilikwenda na cheti chake."

Omari, Arafa. Mbele ya watu wote wale.

Mwamvua akasema baba anaumwa, akili zimemruka. Karani akaweka kalamu chini. "Kesho mrudi naye. Bwana DC atamsikiliza mwenyewe."

Njia nzima hadi nyumbani kwao Kijenge mzee anaimba, Mwamvua anajipa moyo kwamba ni maradhi tu. Akafika, akamsimulia mama yake akidhani watacheka.

Mama hakucheka. Alifunga mlango, akauliza polepole, "Nani mwingine amesikia?"