Tundu la Ukingoni

Sfax, 9 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Naceur,

Salamu zikufikie huko Bizerte, wewe, wifi na watoto. Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Ya moyo nitakueleza, maana hii ni mara ya tatu naianza barua hii na kuinuka.

Unalikumbuka daraja la chuma la kiwanda cha chumvi, lililoliwa na kutu. Bwana Mongi, msimamizi, alinipa kazi ya kuchora jipya la faiba, ile plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na Baba akawa fundi wa kulifunga. Siku ya kwanza alicheka, akaniuliza, "Binti, hili ni daraja au bakuli la saladi?" Nikamweleza kwamba faiba haichomelewi, na skrubu tupu hulegea ndani yake. Inataka bolti ya chuma cha pua ipite upande hadi upande, washa pana, yaani kile kipete bapa chini ya nati, na mkono mwepesi, kwani ukiikaza kama chuma inapondeka. Alinung'unika, lakini alikaza kwa kipimo, bolti moja moja. Nilimwona.

Wiki iliyopita nguzo moja ya kishikio iling'oka. Bi Saloua, mkusanyaji chumvi, alikuwa ameiegemea. Akaanguka, akavunjika mkono. Mafundi wakaanza kusema mzee hukaza kama anayenyonga mtu. Baba aliokota kipande kilichochanika, akaweka kidole kati ya tundu la bolti na ukingo. Kisha akamwambia Bwana Mongi, "Ni mkono wangu." Akarudisha spana, akaacha kazi siku ileile.

Kaka, haukuwa mkono wake. Tundu lile nililichora mimi, karibu mno na ukingo, ili nguzo ipendeze kwa wembamba. Nilikuwa nimesimama palepale, na sikusema neno.

Jana nilimfuata Baba jikoni, nikamwambia. Hakuinua macho kutoka kwenye pilipili alizokuwa akichoma. Akasema alijua tangu alipoweka kidole, na kwamba mimi nina miaka thelathini ya kazi mbele yangu, yeye amebakiwa na miwili. "Funga mdomo, ule," akasema.

Niliiacha sahani. Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Saloua kwanza, kisha kwa Bwana Mongi, mchoro mkononi. Amenisimamisha kazi, na amemwita Baba akazishushe nguzo zote, azifunge upya. Baba ametoka bila kunitazama.

Mpigie wewe, kaka. Mwambie nilichomkosea ni zile siku nane nilizonyamaza.

Nibusie watoto, na wifi nampa mkono.

Dada yako,
Rafika