Vidole vya Mama

Kwa Dada yangu mpendwa Stefania,

Salamu zangu za heshima zikufikie huko Toronto, nawe ukiwa katika siha njema pamoja na shemeji na watoto. Huku kwetu Baba anatembea na mimi ninapumua, tunashukuru. Kuhusu Mama, niliyokueleza kwa simu yalikuwa ya haraka na yenye mapungufu. Nimeona ni wajibu wangu kuyaweka kwa maandishi, kwa utaratibu unaostahili.

Jumamosi ile ilikuwa ya karamu ya mavuno, na wanawake walikuwa jikoni chini ya kanisa tangu mapema wakibana pirohi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Wajua kwamba za Mama hazijapata kufunguka katika maji ya moto tangu sisi wadogo. Bi. Paulina Wasylyk humtania kila mwaka kwamba siku akifa azikwe yeye, vidole vibaki jikoni. Naye Mama humjibu afunge domo kwanza, ndipo afunge pirohi.

Mchana, nikiwa napanga viti ukumbini, nilisikia trei ikianguka. Nilimkuta Mama sakafuni, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Watu wa gari la wagonjwa, ambao ni wakulima wa kujitolea, walikuwa mashambani wanavuna, hivyo mimi na Baba tulimpakia katika gari langu na kufika hospitali yetu ndogo baada ya muda mfupi.

Daktari Oyelaran, ambaye ndiye daktari wetu pekee, alimpiga picha ya kichwa kwa mashine ile iliyopatikana kutokana na ombi nililoliandika mimi mwenyewe kwa wakubwa wa afya. Alisema ni kiharusi, damu imeganda, na dawa ya kuiyeyusha ipo. Ila dawa hiyo ina saa zake chache, zikipita inaweza kuvujisha damu ubongoni na kumuua mgonjwa. Kwa hiyo akauliza ni lini Mama alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Baba akajibu upesi kwamba alikuwa mzima kabisa hadi alipoanguka. Muuguzi akaanza kuandaa dawa, na Baba akatoka kumpigia padri simu.

Nami nilitoka hadi kwenye viti vya kungojea, nikamkuta Bi. Paulina, aliyetufuata hospitalini, bado amevaa aproni, machozi yamechanganyika na unga. Alinivuta pembeni, akanieleza kwamba tangu asubuhi pirohi za Mama zilikuwa zikifunguka sufuriani. Wenzake walikonyezana tu. Kila Mama alipogeuka walizitoa kwenye trei yake na kuzibana upya, ili asiaibike. Alinisihi nisiseme. Alisema, “Orest mwanangu, akipona akajua tulimfichia, jikoni kwetu hatii mguu tena.”

Dada, nilirudi ndani nikamwambia daktari kwamba vidole vya Mama vilianza kushindwa tangu asubuhi. Alinitazama, kisha akamwomba muuguzi aiweke dawa kando. Mama alipelekwa hospitali kubwa ya Saskatoon kwa ndege, na huko nako wakasema wamechelewa. Sasa amerudishwa hapa. Mkono wa kulia hauinuki, na maneno yake ni mawili matatu yasiyokamilika.

Daktari alimweleza Baba kwamba muda ulikuwa umepita, bila kumtaja aliyemwambia. Baba hakukubali. Aliniagiza niandike ombi rasmi daktari huyo aondolewe, kwa kumnyima Mama dawa iliyokuwa tayari mezani. Alisema, “Mashine uliwatoa jasho mpaka wakaileta, sembuse kumwondoa mtu mmoja? Kalamu si unayo?” Wajua kwamba daktari akiondoka, mlango wa dharura utafungwa, na jirani atakayefuata kuanguka atafia njiani. Nilikaa mbele ya karatasi jioni kadhaa, na anwani tu ndiyo niliyoweza kuandika.

Jana nikamkabili Baba na kukiri kwamba aliyeizuia dawa ni mimi. Nilitarajia makofi, umri wangu wote huu. Alikuwa kando ya kitanda anamfunga Mama vifungo vya sweta, na hakuacha. Alipomaliza cha juu kabisa, alisema kwamba Jumamosi ile asubuhi pia yeye ndiye aliyemfunga. Mama alipika kahawa vizuri, ila alipovaa kwenda kanisani vifungo vikamshinda. Baba akavifunga vyote, akamtania kwamba bibi harusi amezeeka. Mama akacheka, akamwambia asithubutu kutuambia sisi watoto, maana unga ulikuwa ukimngoja. Naye akampeleka kanisani, akilipita lango la hospitali.

Kisha akaniuliza: kama angekata kona pale langoni, je, dawa ingeruhusiwa?

Nilimjibu kwamba sijui. Lakini kwako sitaficha, Dada: nilikwisha kumuuliza daktari, naye alisema ingeruhusiwa.

Ombi nililoagizwa sitaliandika, na Baba hajalitaja tena. Langu ni moja tu, nalo nalileta kwako kwa unyenyekevu wote: utakapokuja, Baba atakuuliza, kwa kuwa sasa anamuuliza kila mtu. Tafadhali, nawe usijue.

Bi. Paulina na wenzake wa jikoni wanakusalimu sana. Mama, nilipomwambia ninakuandikia, aliweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi hii. Ukiona imekunjamana pembeni, ni yeye.

Wako katika udugu na heshima,
Orest Hnatiuk