Meza ya Kimo Chako

Mama Esta, mke wangu,

Leo asubuhi nimefagia maranda chini ya meza yetu ya useremala nikakukumbuka mpaka nikacheka peke yangu. Jirani akidhani nimeanza kuzeeka vibaya, shauri yake.

Unaukumbuka mwaka ule ugonjwa wa ubwiri unga ulipoimaliza mikorosho yetu, nami nikafunga mzigo niende Mtwara kubeba magunia bandarini? Esta alikuwa bado mgongoni kwako. Hukulia wala hukunizuia mlangoni. Ulisema tu, "Baba Esta, si unasema unapenda mbao? Jaribu ufundi hapa hapa Newala kwanza. Mtwara haihami." Nikafungua mzigo shingo upande.

Meza ndiyo ilikuwa mtihani wangu. Miguu niliikata kwenye mkorosho uliokauka. Mbao za juu nilizitoa kwenye makasha yaliyotupwa nyuma ya duka, maana serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria na malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakiingia na kila kitu. Misumari niling'oa humo humo, nikainyoosha kwa jiwe.

Ila fundi wa mti niliyewahi kumtazama kwa karibu ni baba yako tu, naye alikuwa mchonga vinyago: kakaa chini, gogo la mpingo kalibana kwa nyayo. Basi nami nikatengeneza meza ya kufika gotini, nikaona nimemaliza. Ukarudi kutoka kuchota maji, hujatua hata ndoo.

"Hii ya kulia ugali?"

"Ya kurandia."

"Haya. Umemwona nani anatwanga amekaa?"

Nilijua umenipata. Nikachukua matawi mengine, nikakuomba usimame kwenye kinu kama unavyosimama siku zote, kwani mwanamume wa hapa mchi ataushikia wapi? Nikapima kwa kamba kutoka chini mpaka kwenye kifundo cha mkono wako. Nikakata, nikapigilia, meza ikasimama imara. Nikaweka ubao, nikashika randa, na mgongo ukapinda kama ndoana. Nilikuwa nimepima kimo chako, wewe ambaye kichwa chako kiliishia kifuani kwangu! Ulicheka mpaka ukashika nguzo.

"Basi hii yangu. Wewe nenda Mtwara, mimi nabaki naranda."

Sikwenda. Kila aliyefungua kiduka alitaka mlango na rafu, nami nikamtengenezea nikiwa nimeinama, wewe umeshika ncha ya pili ya ubao na kunipa habari za mjini kote. Nilikuahidi nitaiongezea miguu. Mafundi wenzangu wamenisema miaka yote, nami nasema kesho. Ukweli ni kwamba niliipenda vile ilivyokuwa, na ulipofariki niliipenda zaidi. Mgongo unauma, lakini siulaumu.

Sasa Esta amerudi kutoka Ndanda alikojifunza useremala. Alisema angetazama kwanza kama hapa pana kazi yake, la sivyo angeendelea mpaka Mtwara. Mama Esta, nilihofia atapita tu. Nikaona aibu ya ile meza yangu ya makasha, na yeye amezoea vitu vya maana. Jana nikatoa msumeno na vipande vya kuongezea miguu kabla hajaigusa. Nikamkuta ameshaweka ubao juu, anaranda.

"Subiri mwanangu, niipandishe kidogo, itakuumiza."

Hakuinua hata kichwa. "Baba, kwani ina nini? Imenikaa sawasawa."

Nikatazama. Mgongo umenyooka, randa inateleza, kifundo cha mkono kiko pale pale kamba yangu ilipoishia. Nikaurudisha msumeno ndani, nikaenda kushika ncha ya pili ya ubao. Nilikuwa na furaha, mke wangu, furaha ya kutosha.

Mzigo wake aliufungua jana hiyo hiyo jioni.

Lala salama. Meza yako imepata mwenyewe.

Mumeo,
Baba Esta