Siku Mama Aliposema Ulimficha

Baba,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Niko sebuleni, peke yangu. Mama yuko sokoni Mkuyuni, anauza viazi, hurudi jua likishazama. Mdogo wangu Luka amechukuliwa na shangazi, Sengerema, mpaka mambo yatulie. Nyumba imekuwa kubwa, Baba. Nikifunga mlango wa jikoni, mlio wake unafika mpaka chumbani kwenu.

Ulipofariki hatukujua kwamba nyumba hii ya Pasiansi uliiweka dhamana ili ununue mashine ya barafu. Tuliambiwa na dalali. Alikuja na vijana wake wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu: INAUZWA. Tangu siku ile majirani hawaingii. Mama Neema, aliyekuwa akija kuomba chumvi na kukaa mpaka tuchoke, sasa anasalimia akiwa barabarani. Nadhani anaogopa tutamkopa.

Nilikukasirikia. Umenifundisha nisidanganye, kwa hiyo nasema. Halafu nilikumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kuwauzia wavuvi barafu, mikono baridi, unatushika mashavu tunapiga kelele. "Hiyo ni baridi ya Ulaya, na nauli sijawadai!" Kisha samaki wakapungua, wavuvi wakaacha kununua barafu, na rejesho la kila mwezi likabaki palepale. Ukawa unacheka kidogo tu, na sisi hatukuuliza.

Mama alikataa kuhama. Alipata wakili wa msaada wa kisheria, dada mmoja mpole, tukaenda Baraza la Ardhi. Wakili alieleza kwamba waliokukopesha walijua rejesho ni kubwa kuliko kipato chako, na kwamba nyumba ya familia haiwekwi dhamana bila mke kuridhia. Afisa wa kampuni ya mikopo akasimama, akasema Mama aliridhia. Eti walipokuja nyumbani alipiga magoti akawakaribisha, akawaletea chai, kisha akatoka akawaacha na wewe.

Mwenyekiti akamtazama Mama.

"Mheshimiwa," Mama akasema, "mimi ni Msukuma. Mgeni wa mume wangu namsalimia kwa magoti. Hata muuza mkaa nampigia magoti. Na yeye nimempa nyumba?"

Watu wakacheka, hata karani. Mama hakucheka.

Maana swali lililofuata lilikuwa kama wewe ulimweleza. Alishika ncha ya kitenge chake. Kisha akasema, "Hakuniambia. Alinificha." Alisema hivyo mbele ya watu wote, Baba, na jina lako lilikuwa limetoka kusomwa, limetanguliwa na neno marehemu.

Mwenyekiti amezuia nyumba isiuzwe mpaka kesi iishe. Bado tunaweza kushindwa, wakili ametuambia wazi. Lakini mimi nilitoka nikiwa na matumaini, nikadhani na Mama atafurahi. Alikaa kwenye ngazi za nje akalia. "Nimemwaibisha baba yako," akasema, "na hayupo wa kujitetea." Nilimshikia mkoba tu.

Tangu siku hiyo hakutaji. Anapika, anakula kidogo, ananiuliza habari za shule, na mimi namjibu. Hapo ndipo ninapokukosa zaidi, tukiwa wawili mezani na hakuna anayesema Baba.

Ndiyo maana nimekuandikia. Tafadhali usimkasirikie. Hakusema ili akushinde. Alisema ili tubaki na mahali pa kulala, na kwa sababu ilikuwa kweli. Na wewe, naamini, ulitaka mashine ifanye kazi kwanza, ndipo umpe habari ikiwa tamu.

Pumzika, Baba. Tukiitwa tena nitaomba ruhusa shuleni, niende naye, nikae karibu yake. Pale barazani atasema yale anayoulizwa. Nakuahidi kwamba wakati wa kurudi nitamsemesha kuhusu yale ambayo hakuna anayemuuliza: kwamba chakula kikiwa kidogo ulituambia umeshiba huko kwa wavuvi, na yeye, aliyejua si kweli, alikuwa tayari amekufunikia sahani yako.

Mwanao,
Ester